Nyuki Watano Asubuhi

Dar es Salaam
4 Februari 2024

Mke mwenzangu Mwanaharusi,

Umeamkaje huko Nyamisati? Mimi huku mzima, chakula kinashuka na usingizi unakuja, kwa hiyo ukiota kwamba nimekonda kwa kumkosa mume wetu, ndoto hiyo irudishe ilikotoka. Msalimie sana Mwinyimvua wetu. Mwambie mke mdogo bado anamngoja, hajaposwa na mwingine. Mjomba Ismaily naye msalimie, ila barua hii asiisome. Simu yenu anaiweka sauti ya juu, mpaka wanunuzi wa kamba wanasikia habari zetu wakiwa gatini. Ndiyo maana nimeona tuandikiane. Nampa kondakta wa basi, ataiacha Kibiti dukani kwa Asif, na Asif ataikabidhi kwa bodaboda yeyote anayeshuka kwenu. Ulisoma kisomo cha watu wazima ukang'ang'ana mpaka cheti, basi kifanyie kazi.

Nina jambo kubwa. Nimepata kazi kwenye maabara ya utafiti. Tunachunguza protini zinazotoka kwa wadudu, kuona kama zinaweza kuua saratani, na kwa sasa tumeanza na sumu ya nyuki. Mkubwa wetu anaitwa Dokta Parvati. Juzi alisema nyuki wa kwenye mikoko hawajapimwa na mtu yeyote anayemjua. Nikanyoosha mkono, nikasema babu yangu ana mizinga thelathini juu ya mikandaa huko mikokoni. Walivyogeuka kunitazama, ungekuwepo ungepiga kigelegele.

Kwa hiyo pamoja na barua hii naleta kioo kilichozungushiwa nyaya nyembamba, na betri yake. Mume wetu akiweke mlangoni mwa mzinga. Nyuki akigusa waya anashtuka, anachoma kioo, sumu inakauka pale pale na yeye anaruka zake bila kufa. Baadaye mkwangue kwa wembe mpya, mtie kwenye vichupa nilivyofunga kwa kitambaa. Mfunike pua na mdomo, huo unga si wa mchezo. Vichupa viwekwe kwenye barafu, vije na makasha ya kamba.

Kazi hii naisimamia mimi. Msinitie aibu.

Wako mwenye nyumba ya pili,
Sabra


Nyamisati
9 Machi 2024

Kwa Sabra, mke mwenzangu asiyejua hata kupika bokoboko,

Barua yako nimeipata ikiwa na doa la mafuta, nadhani Asif aliifanya sahani ya sambusa. Sisi hatujambo. Mwezi mtukufu uko mlangoni, tumeshatwanga mchele wa unga. Ismaily amebadilisha injini ya boti na sasa haongei kitu kingine. Mume wetu mzima, kifua kinamsumbua kidogo, ila ukitajwa wewe hukaa sawa na kuvuta kanzu. Nimemwambia ajue umri wake.

Kioo chako kilituletea vita. Siku ya kwanza nyuki walikasirika wote kwa pamoja, mume wetu akajitosa kwenye tope mpaka kiunoni, na kanzu ile ya Idi ikaisha hapo. Siku ya tatu tulizoea. Tumekwangua unga mweupe, mdogo kuliko ugoro wa pua moja, kwa kazi ya wiki nzima. Nimevifunga vichupa mwenyewe. Vimetangulia na kamba, vikinuka samaki huko maabara usinilaumu.

Sasa nina maswali, na usikimbilie simu, nijibu kwa karatasi. La kwanza, huo ugonjwa mnaoupiga kwa sumu mnautoa wapi? Mnamlaza mgonjwa mkamchoma? La pili, mtu akiwa na kidonge titini, kigumu, hakiumi, ukikisukuma hakisogei, ndio huo au ni kitu kingine? Nauliza kwa sababu mume wetu siku hizi ananitazama sana, nataka nijue hali ya mali yake kabla hajaikagua.

Unamkumbuka bibi yako Mwanamina, dada yangu wa Mohoro. Alipelekwa hospitali akakatwa mwezi wa saba, wa kumi tukamzika. Wenyewe wanasema kisu huuamsha huo ugonjwa. Wewe msomi wasemaje?

Mimi mwenye nyumba kubwa,
Mwanaharusi


Dar es Salaam
21 Aprili 2024

Mke mwenzangu,

Idi ilikuwaje? Mimi nilikula pilau kwa jirani, na nguo mpya sikushona. Nimesikia mto umefura na njia imekatika, nikapiga simu, Mjomba akasema nyote wazima. Wewe ulisema "sijambo" mara nne ukakata. Najua watu walikuwa wamejaa ukumbini.

Nikujibu sasa. Hatumlazi mtu. Ugonjwa tunaufuga kwenye visahani. Ulitolewa titini mwa mama mmoja wa ng'ambo, zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Mama huyo alishafariki, ila seli zake, yaani zile chembe ndogo za mwili, bado zinaongezeka. Zinapelekwa maabara moja hadi nyingine, nasi tunazilisha maji mekundu yenye sukari kila baada ya siku mbili. Najua utauliza roho yake iko wapi. Mimi nilimuuliza Dokta Parvati, akarudi kwenye darubini yake.

Sasa sikia. Jumanne ya wiki iliyopita tuliweka sumu ya mume wetu. Mwanzo seli zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu. Baada ya saa moja nikachungulia kwenye darubini, wallahi zilikuwa zimepasuka. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Dawa hii nimeiona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Kuhusu kidonge, ndiyo, mara nyingi huanza hivyo, bila maumivu. Mwenye nacho aende hospitali akapimwe. Ila huko mwisho wao ni kukata, wewe mwenyewe unajua ya bibi Mwanamina. Dawa yetu ikiwa tayari hakuna mwanamke atakayekatwa tena. Na kwa mali ya mume wetu usitie shaka, muda wake wa matumizi ulikwisha tangu enzi za shilingi ya shaba.

Wako,
Sabra, tabibu wa nyuki


Nyamisati
2 Juni 2024

Mke mwenzangu mwenye mdomo mrefu,

Salamu zako zilikaa kwa Asif wiki nne, bodaboda hawakuweza kupita. Sisi salama. Wa Mohoro ndio walioona makubwa, mpunga wote umeoza na watu wamelala shuleni. Wale wa kwetu wamekuja hapa, watu kumi na mmoja, Ismaily akalala kwenye boti. Sasa maji yamerudi alhamdulillahi, tumebaki na mbu na tope. Mizinga minne imekwenda na maji.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejifungia bafuni. Yule mama wa ng'ambo sikumwelewa. Amekufa, ugonjwa wake haujafa, na nyinyi mnaupa sukari. Nimemuombea dua, hata kama dini yake siijui.

Dawa yako nimeianza. Kwa nini ningoje unga uende Dar na kurudi, na mwenye sumu anaishi nyuma ya nyumba yangu? Kila asubuhi baada ya swala, nyuki watatu, titi la kushoto. Mume wetu anawashika na kile kibano cha nyusi ulicholeta mwaka juzi, anapiga bismillahi, anamkalisha nyuki. Weye! Titi limejaa limerudi usichana. Mwinyimvua haendi tena barazani, amekaa ndani kama bwana harusi. Nakwambia umekwisha, huna mume.

Ila nieleze kitu kimoja. Ulisema zinapasuka kwa saa moja. Mimi nakaa mkekani saa nzima nikisikiliza, sisikii kitu kikipasuka. Nikae muda gani?

Mimi mke wa pekee sasa,
Mwanaharusi


Dar es Salaam
7 Julai 2024

Mke mwenzangu, umeniua!

Salamu baadaye, kwanza nifute machozi. Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa chai, mmoja alimwaga kikombe. Ile ya bwana harusi wameishika, sasa kila nikiingia wananiuliza mume wetu anaendeleaje. Ambaye hakucheka ni Dokta Parvati peke yake. Aliuliza, "Huyo bibi anatania kweli?" Nikamwambia mimi na yeye ni watani tangu nilipozaliwa, aliniambia siku ya arobaini yangu kwamba nimekuja kumwibia mume. Akasema niulize tena kwa uhakika. Nikamwambia sawa.

Basi nakuuliza kwa uhakika: mume wetu anakutosha? Kama hakutoshi, ongeza nyuki wawe watano, ukae saa mbili, halafu nije nikukute una miaka kumi na sita nikukimbie.

Mimi mzima. Hapa kuna majibu mengine yametoka ya vile visahani, ni marefu, nitakueleza siku nyingine. Wasalimie wageni wa Mohoro. Asali ya safari hii imekuja na chumvi yake, nimeimaliza kwa mkate.

Wako,
Sabra


Nyamisati
1 Septemba 2024

Kwa mjukuu wangu Sabra binti Khamisi,

Nakusalimu. Babu yako Mwinyimvua anakusalimu. Mjomba wako Ismaily na mkewe na watoto wanakusalimu. Wageni wa Mohoro wamerudi kwao isipokuwa wawili, nao wanakusalimu. Tunamshukuru Mungu kwa kila hali.

Leo sikuiti mke mwenzangu. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikifikiri nitakuitaje ili ujue kwamba sitanii. Nikaona nikuite kwa jina la baba yako.

Ulisema watano, nikaweka watano. Siku nane sikuona kitu ila muwasho. Siku ya tisa, nyuki wa nne alipochoma, ulimi ulinenepa mdomoni, macho yakaziba, na mkeka nikauona uko juu. Nilimsikia babu yako ananisomea shahada. Walinibeba kwenye boti mpaka zahanati, nikadungwa sindano mbili. Tabibu aliuliza nimefanya nini. Nikasema nimekanyaga mzinga. Babu yako alikuwa amesimama hapo.

Kile kidonge nilichokuuliza mwezi wa tatu ni changu. Nilipokuandikia kilikuwa kama punje ya kunde. Sasa ni kama korosho haijabanguliwa, ngozi ya juu yake imeingia ndani, na kwapani kuna mwenzake. Anayejua ni babu yako tu.

Sasa nijibu, mwanangu, maana nimechanganyikiwa. Nimekosea wapi? Nyuki ndio wale wale ambao sumu yao ilikuja huko. Mwanamke yule ni titi, na mimi ni titi. Kwake zilipasuka. Saa ulizosema nimekaa. Au watano ni wachache?

Bibi yako,
Mwanaharusi


Dar es Salaam
20 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Asali na kamba mlionifungia nimewapa majirani, sikuweza kula.

Barua yako niliipata Jumatano, Jumamosi nikawa kwenu. Nilikuja kukuchukua. Nilikuwa nimeshazungumza na hospitali, nimepewa na siku ya kufika. Nikakuta nyumba imejaa watu wa Maulidi, masufuria uani, na wewe umekaa kwenye kigoda unamenya vitunguu saumu kana kwamba ile barua iliandikwa na mtu mwingine. Ukanipokea kwa kelele, "Mke mwenzangu huyo, fungeni milango!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Halafu ukawaambia wale akina mama wa kijiji cha Mkongo, huyu ndiye daktari wetu. Wakajipanga. Mmoja akanifunulia mguu, mwingine akafungua mdomo. Nikatazama, Bibi. Nikashika mguu wa watu nikaubonyeza, nikasema anywe maji mengi. Wewe ulikuwa unanitazama ukiwa na kisu mkononi. Siku mbili nilizolala hapo tulikuwa peke yetu mara moja, kisimani, na pale tulizungumza habari za ndoo.

Basi nasema hapa, maana mdomo wangu umeshindwa. Mimi si daktari. Mimi si mtafiti. Nina cheti cha maabara cha mwaka mmoja. Kazi yangu ni kuosha vyombo vya kioo, kuandika namba kwenye chupa, na kuzilisha zile seli. Ile kazi haisimamiwi na mimi, kuna watu wanne juu yangu. Siku ile niliomba kuchungulia darubini, wakaniruhusu.

Na kuna kisahani cha pili. Kila jaribio huwa na viwili. Cha kwanza kina seli za saratani, cha pili kina seli za mtu mzima asiyeumwa. Vyote vilitiwa sumu ile ile. Na cha pili nacho kilikufa. Si chote, lakini sehemu kubwa. Nililijua hilo siku ile ile ya Jumanne. Sikukuandikia kwa sababu liliharibu hadithi yangu. Yale majibu marefu niliyosema nitakueleza siku nyingine yalikuwa yanarudia hilo hilo.

Maji ya moto yanaua kunguni, Bibi, lakini hakuna anayeyamwaga kitandani mtoto akiwa amelala. Kinachotafutwa hapa ni namna ya kuifanya hiyo sumu ichague. Dokta Parvati anasema huenda ikachukua miaka ishirini, huenda isitokee kabisa. Na nyuki akikuchoma, sumu haifiki kule kwenye kidonge. Inaishia kwenye ngozi, inavimbisha, na siku nyingine itaziba koo lako moja kwa moja. Usiguse nyuki tena hata mmoja. Nilipokwambia watano nilikuwa nacheka.

Nilimwambia Dokta Parvati yote. Akasema, "Nilikwambia umuulize." Ni kweli aliniambia.

Twende hospitali. Nakuomba. Nijibu hata kwa neno moja.

Sabra


Nyamisati
6 Oktoba 2024

Sabra,

Marahaba. Sisi wazima kwa kadiri yetu. Mtoto wa mwisho wa Ismaily ameota jino. Babu yako amepata homa ikaondoka.

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya mchele, nikaichukua tena. Sikuielewa yote. Mwanzo inaua, katikati inaua, mwisho inaua, halafu siyo dawa. Ya kunguni ndiyo niliyoielewa. Lakini kama nyinyi wenyewe hamjui mpaka miaka ishirini, nani anajua sasa? Wanaokata wanajua? Mwanamina walimwambia wanajua.

Nimekukasirikia. Nataka ulijue hilo, nisije nikalificha kwa mzaha. Ulipowabonyeza miguu wale wanawake nilikuwa nangoja useme kweli, hata kama ni mbele ya watu, na mimi ningepata pa kuanzia. Hukusema. Nikajiambia, basi mtoto huyu anajua anachofanya, na dawa iko njiani. Unaona nilivyokuwa mjinga? Nilikuwa na korosho titini bado natafuta namna ya kukuamini.

Ila usijibebeshe wewe peke yako. Ungeniandikia habari za kisahani cha pili mwezi wa nne, ningekwenda hospitali? Sijui. Wallahi sijui. Tangu tulipomzika dada yangu nilikuwa natafuta mtu aliyesoma aniambie nisiende. Ukatokea wewe.

Babu yako nimemsomea barua yako. Nilidhani ataguta, nyumba nzima isikie. Akatoka akakaa na miguu yake kwenye maji ya kijito mpaka maji yakapungua, kisha akarudi akaniuliza, "Mimi ndiye niliyekuwa nawashika?" Nikamwambia ndiyo, lakini kwa kutaka kwangu. Tangu siku hiyo hajaenda kwenye mizinga. Ismaily anadhani ni kifua.

Njoo unichukue. Njoo siku ya kazi, siyo ya wageni. Ismaily mwambie unanipeleka kupima macho. Nikishafika huko ndipo nitamwambia mwenyewe kwa simu, na aiweke hiyo sauti ya juu akitaka.

Mwanaharusi


Dar es Salaam, wodini
14 Novemba 2024

Sabra,

Barua hii nampa babu yako akuletee akirudi kwako mchana kupumzika. Nyumbani kwako mnakaa vipi? Usimpikie pilipili. Nimelala karibu na dirisha, chakula chao hakina chumvi, na mwenzangu wa kitanda cha pili ni mama wa Kibiti, tumeshajuana ukoo. Yeye amekatwa mwaka wa tatu huu na yuko hai, amerudi kwa jambo jingine la mguu. Amenionyesha kovu. Nilitazama kwa muda mrefu.

Nakuandikia, ingawa jioni utakuja, kwa sababu hapa kuna masikio arobaini, na kwa sababu mimi na wewe tukitazamana tunaanza upuuzi.

Majibu ya ile nyama waliyoitoa kwa sindano yamekuja. Ndiyo yenyewe. Wataanza na dripu, mara sita, kila baada ya wiki tatu, na kidonge kikinywea ndipo wakate. Nimewauliza kama dripu hiyo nayo huua na seli zisizoumwa. Daktari akacheka kidogo, akasema huua, nywele zitatoka na tumbo litavurugika, ila wameshajua kiasi cha kumpa mtu. Basi nimekubali. Sijaelewa tofauti sawasawa, lakini nimekubali.

Daktari huyo ni kijana, mpole. Akaandika mambo yake, kisha akaniuliza kimetokea lini. Nikasema tangu kabla ya Ramadhani. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Bibi, miezi yote hiyo? Huna hata mjukuu mmoja aliyesoma akakwambia uje mapema?"

Nikamwambia sina.

Usichukie. Sikutaka wakutazame vibaya kila ukija na chupa ya uji. Babu yako alikuwa hapo, akainamisha kichwa. Wao wanadhani wewe ni mtoto wa jirani mwenye huruma. Ukija leo ukaulizwa wewe nani, jibu utakavyo mwenyewe.

Bibi yako


Dar es Salaam
15 Novemba 2024

Bibi,

Barua hii nimeiweka chini ya mto wako ukiwa umesinzia na dripu. Babu amekula vizuri, pilipili sikutia.

Jana kabla ya kuingia wodini nilimtafuta yule daktari. Nilimkuta kwenye kiti cha korido anakula ndizi. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa Mwanaharusi wa Nyamisati, niliyesoma. Nikamweleza kuhusu kisahani cha kwanza na cha pili, na barua niliyoandika nikasema watano. Nilimwonyesha barua zako, zote ninazo. Alizisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

Alichofanya ni kuchukua faili lako na kuandika kwamba sumu ya nyuki ilikuziba koo, na tarehe, ili wajue cha kukuangalia wanapokupa dawa. Akasema hilo walilihitaji tangu siku ya kwanza. Halafu akafuta mahali pameandikwa huna ndugu wa karibu Dar, akaandika jina langu na namba yangu ya simu.

Nikamuuliza: angekuja mwezi wa tatu, kikiwa punje ya kunde, ingekuwaje? Akasema mapema ni bora siku zote. Nikasema hilo najua, nauliza yeye, bibi yangu, ingekuwaje. Akafikiri. Nikaona anatafuta neno la kunifaa, nikamwambia asilitafute. Akasema hajui. Kuna wanaokuja mapema wakafa, na wanaokuja kama wewe wakarudi nyumbani wakalima.

Nilimuuliza tena, Bibi, nikiwa nimeshika mkono wake kama mtoto. Nilitaka aniambie anajua, hata kama jibu ni baya kwangu. Alisema tena hajui.

Sabra